Koma Isiyokomesha

Neno lenyewe lina mtego. Mtoto wa Mtwara hulisikia kwanza nyumbani, tena kwa sauti kali: "Ukome!" Maana yake acha, usirudie tena. Miaka inapita, anafika kidato cha kwanza, na mwalimu wa Kiingereza anagonga chaki ubaoni mwishoni mwa neno fulani na kusema, "Hapa weka koma." Si ajabu wanafunzi wengi wakaitumia alama hiyo kama walivyolelewa kulielewa neno. Wazo limekwisha? Koma. Wazo jingine limekwisha? Koma tena. Nukta inasubiri mwisho wa ukurasa, kama mgeni aliyekalishwa barazani akasahauliwa.

Kumbe koma ya Kiingereza haina nguvu ya kukomesha chochote. Jina lake la pili, mkato, ndilo lililo karibu zaidi na ukweli, na kwa bahati njema linakubaliana na asili yake: kwa Kigiriki "komma" ni kipande kilichokatwa, neno lililotokana na kitenzi chenye maana ya kukata. Alama yenyewe, ile yenye mkia, ilipata umbo lake la leo mjini Venice katika miaka ya 1490, kwenye kiwanda cha uchapaji cha Aldus Manutius. Na kukata si kukomesha. Mpishi anayekata pweza vipande bado ana pweza mmoja sufuriani.

Ifikiriwe insha ya aina ambayo walimu wa Shangani, Mikindani au Madimba wameisahihisha mpaka wino mwekundu ukaisha. Mwanafunzi ameambiwa aeleze mwisho wake wa wiki, naye anaandika: "On Saturday we went to Msimbati, the sea was calm, my cousins, and I, swam until noon, when we became hungry we bought fried octopus, it was hot, however, we ate it quickly."

Sentensi moja, koma nane, nukta moja. Habari inaeleweka, hata harufu ya pweza inasikika. Lakini daftari litarudi limejaa miduara, na pembeni pameandikwa kwamba alama za uandishi ni mbaya. Hilo ni sawa na daktari kumwambia mgonjwa kwamba anaumwa. Mgonjwa alilijua tangu nyumbani.

Ugonjwa wenyewe una jina, na jina hilo si koma. Mwanafunzi huyu haoni vishazi. Akiviona, koma sita kati ya nane zitatoweka bila mtu kumfundisha sheria hata moja ya koma.

Kabla ya kumlaumu, insha yake isomwe kwa Kiswahili: Jumamosi tulikwenda Msimbati, bahari ilikuwa shwari, tukaogelea na binamu zangu hadi adhuhuri, tulipoona njaa tukanunua pweza wa kukaanga, alikuwa wa moto lakini tukamla upesi. Hakuna atakayeona tatizo kubwa hapo. Kinachoishikilia sentensi hiyo ndefu isisambaratike ni kiambishi kidogo, -ka-. Tukaogelea, tukanunua, tukamla: kila -ka- inamwambia msikilizaji kwamba hili limefuata lile. Uzi wa kushonea umo ndani ya kitenzi, na mkato unabaki kuwa pumzi tu kati ya tendo na tendo. Nao wanafunzi wengi wa pwani hii wana Kimakonde, Kimakua au Kiyao nyumbani kabla au pamoja na Kiswahili; zote ni lugha za Kibantu, zinazobebesha kitenzi mizigo mingi kwa namna inayofanana.

Kiingereza hakina -ka-. "We swam" na "we bought fried octopus" ni vishazi viwili visivyojuana hata kwa salamu, mpaka mwandishi alete neno la kuvijulisha. Mwanafunzi anayeandika "The sea was rough, the fishermen stayed at home" kichwani ana sentensi safi kabisa, "Bahari ilichafuka, wavuvi wakabaki nyumbani", ila katika kuivusha ameiacha -ka- upande wa pili wa mto. Koma peke yake haiwezi kuziba pengo hilo.

Dawa zipo nne na zote ni halali. Ya kwanza ni nukta: "The sea was rough. The fishermen stayed at home." Ya pili ni koma pamoja na kiunganishi: "The sea was rough, so the fishermen stayed at home." Ya tatu ni kukishusha cheo kishazi kimoja kiwe tegemezi: "Because the sea was rough, the fishermen stayed at home." Ya nne ni ile nukta iliyokalia mkato, yaani semikoloni, ambayo ni sahihi lakini ni kama nguo ya Idi: ikivaliwa kila siku inachakaa, na wanafunzi wengi huivaa nyuma mbele. Kwa kidato cha kwanza na cha pili, dawa mbili za mwanzo zinatosha kuponya karibu kila kitu. Atakayemwonesha mwalimu riwaya ya mwandishi mkubwa wa Kiingereza anayebandika vishazi huru kwa koma tupu atakuwa anasema kweli, wapo. Ila wao hawasahihishwi na Baraza la Mitihani.

Kuhusu dawa ya pili kuna tahadhari, nayo inatokana na neno "lakini". Kwa Kiswahili neno hilo moja linafanya kazi ya "but" na ya "however", na mwanafunzi huyachukua maneno hayo kama mapacha. Si mapacha. Viunganishi vyenye uwezo wa kushika vishazi huru viwili vikiwa na koma mbele yake ni vichache, vinahesabika kwa vidole: and, but, or, so, yet, nor, for. "However", "therefore" na "then" havimo. Ni vielezi, na kielezi hakifungi ndoa. Ndiyo maana "It was hot, however, we ate it" ni kosa, na "It was hot, but we ate it" ni sahihi. Anayependa "however" kwa sababu linasikika kisomi aanze nalo sentensi mpya, baada ya nukta, kisha aweke koma nyuma yake.

Viunganishi hivyo saba navyo havidai koma kila vinapoonekana. "The boat stopped and waited" haina koma, kwa kuwa "waited" haina kiima chake. Mashua ni ileile. "The boat stopped, and we waited" ina koma, kwa kuwa upande wa pili una kiima na kitenzi na unaweza kusimama peke yake. Mwanafunzi aufunike kwa kidole upande wa kushoto wa "and". Kilichobaki kikisimama, koma iwekwe. Kikianguka, iachwe.

Hapa ndipo linapojitokeza jambo la kushangaza katika shule za sekondari za Tanzania. Katika somo la Kiswahili, mwanafunzi huyuhuyu anafundishwa kishazi huru na kishazi tegemezi. Anaainisha sentensi sahili, ambatano, changamano na shurutia, anazichora kwa matawi na kwa jedwali, na anapata alama nzuri. Kisha kengele inalia, mwalimu wa Kiingereza anaingia, na darasa zima linaketi kana kwamba halijawahi kuusikia mjadala huo. Masomo mawili yanakaa chumba kimoja bila kusalimiana. Mwanafunzi aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili anadhani sarufi ya Kiingereza ni nchi nyingine kabisa, kumbe ramani anayo mkobani.

Kishazi huru cha Kiswahili na cha Kiingereza ni kitu kimoja: kiima, kitenzi, wazo lililokamilika. Sentensi ambatano ni vishazi huru viwili vilivyounganishwa, na ndiyo inayodai koma na kiunganishi. Sentensi changamano ina kishazi huru na tegemezi. Shurutia ni ile yenye -ki-, -nge- au -ngali-, ambayo kwa Kiingereza hubebwa zaidi na "if". Tofauti iko mahali dalili inapokaa. Kiswahili mara nyingi huficha dalili ya utegemezi tumboni mwa kitenzi, ilhali Kiingereza huiweka mlangoni, neno la kwanza kabisa la kishazi. Tulipoona: ile -po- ya ndani inakuwa "when" ya nje. Kusi likivuma: -ki- inakuwa "if" au "when". Waliofika: -o- inakuwa "who".

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa mwanafunzi ni mwepesi: akutanapo na kishazi cha Kiingereza, akague mlangoni. When, if, because, although, since, while, after, before, unless, until, who, which: likiwapo mojawapo ya hayo kichwani mwa kishazi, kishazi hicho huenda ni tegemezi na hakiruhusiwi kukaa peke yake na nukta. Orodha hiyo inaenea ndani ya jalada la daftari. "Huenda", kwa sababu "after" na "before" hupenda kuongoza nomino tupu pia, kama katika "after lunch", na hapo hapana kishazi. Na "when", "who" na "which" huanzisha pia maswali.

Kipo na kipimo kisichohitaji daftari. Mwanafunzi amwambie jirani yake kishazi hicho kwa sauti, halafu anyamaze. Akisema "The tide went out", jirani anatikisa kichwa. Amepata habari kamili. Akisema "When the tide went out", jirani anabaki amemkodolea macho, akisubiri. Ile "halafu?" inayoonekana usoni mwa jirani ndiyo alama ya utegemezi.

Maji kupwa na kujaa ni mfano mzuri kuliko yote kwa watu wa Msimbati na vijiji vya Ghuba ya Mnazi, kwa kuwa ratiba ya siku nzima inafuata maji. "When the tide goes out, the women look for octopus." Kishazi tegemezi kimetangulia, koma imekaa mpakani. Sasa kigeuzwe: "The women look for octopus when the tide goes out." Koma imeondoka. Tegemezi kikiwa mbele, koma. Kikiwa nyuma, mara nyingi hapana. Sheria hiyo ni ya vitendo zaidi kuliko inavyoonekana, na sentensi moja inatosha kuonesha hasara ya kuipuuza: "When the tide left the boats lay on the mud."

Msomaji anaianza bila wasiwasi: maji yaliondoka... yakaziacha mashua... kisha anakutana na "lay" na kukwama. Nani alilala kwenye tope? Inambidi arudi nyuma, aipime upya: "When the tide left, the boats lay on the mud." Maji yalipokupwa, mashua zikalala kwenye tope. Bila koma msomaji naye amelala kwenye tope pamoja na mashua. Kiswahili hakimtegi hivyo, kwa kuwa "yalipokupwa" inajifunga yenyewe, na mwandishi wa Kiswahili hajazoea kumwonea msomaji huruma mahali hapo. Ndiyo maana katika insha ile ya Jumamosi, mahali pekee palipodai koma ambayo haikuwapo ni baada ya "hungry". Koma nane zimemwagwa kila upande, na panapotakiwa pamebaki patupu.

Lakini koma nyingi za ziada zinatoka wapi? Zinatoka kwenye ushauri wa zamani ambao bado unatolewa madarasani: weka koma unapovuta pumzi. Ushauri huo una ukoo mrefu. Aristofane wa Bizanti, mkuu wa maktaba ya Aleksandria yapata miaka 200 kabla ya Kristo, aliweka nukta za viwango tofauti ili msomaji wa sauti ajue apumzike kiasi gani. Wakati ule kusoma mara nyingi kulikuwa kusoma kwa sauti. Nao watunzi wa Kiswahili wana pumzi yao: shairi la mizani 16 lina mkato katikati ya mshororo, nane huku na nane kule, hata kama sarufi haiutaki mkato huo. Mwanafunzi anayetunga mashairi na kuyasoma kwenye mahafali ana sikio zuri, na ndilo sikio linalomponza katika Kiingereza, kwa sababu koma ya Kiingereza ya leo hufuata muundo kwanza na pumzi baadaye.

Sikio hilo ndilo linaloandika: "The women who look for octopus at Msimbati, know the tides." Kiima ni kirefu, pumzi imekwisha, koma imeingia. Imeingia kati ya kiima na kitenzi chake, kama mtu anayekaa katikati ya mume na mke kwenye picha ya harusi. Kanuni ya kukumbuka hapa ni mbili au hakuna. Kati ya kiima na kitenzi panaweza kukaa koma mbili zinazozungushia maelezo ya pembeni, au pasikae kitu. Moja, kamwe. Na "my cousins, and I, swam" inaangukia hapohapo: binamu na mwandishi ni kiima kimoja, waliogelea pamoja, wasitenganishwe.

Koma mbili zikitumika mahali pake, zinaweza kumtia mtu hatiani au kumwokoa. Pwani ya Mtwara inalielewa hili vizuri kuliko vitabu vya London. Tangu mwaka 2000 eneo la kilomita za mraba zipatazo 650 limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na moja ya vita vya muda mrefu katika pwani hii imekuwa dhidi ya uvuvi wa baruti, ambao ni kosa la jinai. Sasa ichukuliwe sentensi ya mwanafunzi: "The fishermen who use dynamite destroy the reef." Wavuvi wale wanaotumia baruti, si wengine, wanaharibu mwamba. Aongezwe mwandishi mzembe na koma mbili: "The fishermen, who use dynamite, destroy the reef." Maana imegeuka. Sasa wavuvi wote wanatumia baruti, na taarifa hiyo imetolewa kama jambo la kupita. Mzee mwenye mshipi na mtumbwi mmoja, ambaye hajawahi kushika utambi, ameingizwa kesini na alama mbili za wino.

Kiswahili husema "wavuvi wanaotumia baruti" na kumwachia msikilizaji apime kwa muktadha. Mkato unaweza kuwekwa, lakini mazoea hayalazimishi. Kiingereza kinalazimisha, na jibu linapatikana kwa swali moja: kishazi hiki rejeshi kinachagua, au kinaongezea tu? Kinachochagua hakizungushiwi koma. Kinachoongezea huzungushiwa. Mtu, mji au mto uliokwisha kutajwa kwa jina lake hauhitaji kuchaguliwa tena, kwa hiyo kishazi kinachoufuata karibu daima ni cha kuongezea: "Livingstone, who landed at Mikindani in 1866, died in 1873." Kipande cha katikati kikiondolewa, Livingstone anabaki yuleyule. Vivyo hivyo "The gas at Mnazi Bay, which was discovered in 1982, now reaches Dar es Salaam." Lakini mwenye kaka watatu, akitaka kumsema yule wa bandarini, ataandika "my brother who works at the port" bila koma. Akizungushia koma, kwa sheria ya Kiingereza amewafuta kaka wawili. Katika familia za kusini hilo litahitaji kikao.

Kishazi cha "that" kinachochagua hakitanguliwi na koma. Wala "that" ya kuripoti, ile inayolingana na "kwamba", haipendi koma mbele yake: "He said that the wind had changed."

Koma za orodha ni rahisi, na somo lingekwisha kwa sentensi mbili kama si madereva wa maziwa. Katika jimbo la Maine nchini Marekani, sheria ya malipo ya saa za ziada iliorodhesha kazi zisizostahili malipo hayo, zinazohusu vyakula vinavyoharibika upesi, samaki wakiwamo. Mwisho wa orodha palikuwa na ufungashaji kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, bila koma kabla ya "or". Je, kusambaza ni kazi ya peke yake iliyonyimwa malipo, au ni sehemu ya ufungashaji? Madereva wa kampuni ya Oakhurst Dairy, ambao walikuwa wakisambaza na si kufungasha, walidai kwamba sheria haiwagusi. Machi 2017 mahakama ya rufani ilikubali kwamba orodha hiyo ina utata na kuisoma kwa faida ya wafanyakazi. Mwaka uliofuata shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5.

Koma hiyo ya mwisho katika orodha, kabla ya "and" au "or", mtindo wa Kiingereza cha Uingereza unaofuatwa zaidi Tanzania kwa kawaida huiacha, na wa Kimarekani huipenda. Mwanafunzi hatapoteza kitu akichagua mmoja na kudumu nao, mradi aiweke pale maana inapoyumba. "I sent dried fish to my aunts, the nurse and the teacher": shangazi ni wawili, mmoja muuguzi na mwingine mwalimu, au waliopelekewa samaki ni wengi zaidi? Koma kabla ya "and" ingeondoa shaka.

Koma ya tarakimu nayo ina mipaka, kwa maana halisi ya mpaka. Huku, 2,500 ni elfu mbili na mia tano. Ng'ambo ya Ruvuma, ambako shule za Msumbiji hufuata mazoea ya Kireno, koma ndiyo inayotenga desimali: 2,5 ni mbili na nusu. Anayefanya biashara Kilambo na Palma aisome risiti mara mbili.

Baada ya yote hayo, linabaki swali la namna ya kufanya mazoezi. Kipindi ni dakika 40, darasa limejaa, na vitabu havitoshi. Zoezi linalofanya kazi katika hali hiyo linahitaji karatasi ya manila, mkasi na kalamu nene. Mwalimu anaandika kishazi kimoja kwenye kila ukanda: "the kusi wind blows", "the sea gets rough", "we cannot go fishing". Kwenye vipande vidogo anaandika viunganishi, na kipande kimoja kina koma kubwa. Wanafunzi wanashika kanda hizo na kusimama mbele. Mwenye "when" akijibandika mbele ya kishazi, mwenye kishazi hicho haruhusiwi tena kusimama peke yake. Lazima atafute mwenzake. Wakisimama tegemezi kwanza, mwenye koma anakimbia kukaa mpakani. Wakibadilishana nafasi, anarudi kuketi. Darasa litacheka, na mwanafunzi aliyekuwa koma siku hiyo hasahau alikimbilia wapi.

Kwa anayesoma peke yake jioni, gazeti linatosha, hata kipande kilichofungiwa maandazi. Mkoa huu una mfano wake. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso wilayani Masasi mwaka 1938, alisomea Kiingereza Makerere na kuhitimu mwaka 1962, na kabla ya siasa kumpeleka Ikulu alihariri magazeti ya Kiingereza, The Nationalist na Daily News. Kazi ya mhariri ni hiyohiyo ya kishazi baada ya kishazi. Basi mwanafunzi achague aya moja ya gazeti la Kiingereza, ainakili bila koma hata moja, ailaze siku mbili ili aisahau, kisha azirudishe na kulinganisha. Palipotofautiana, asiseme "nimekosa" akafuta. Aandike pembeni kwa Kiswahili sababu iliyomfanya mhariri aiweke au aiache. Tegemezi kimetangulia. Vishazi huru viwili. Maelezo ya kuongezea. Wiki moja ya kuandika sababu hizo ina faida kuliko mwezi wa kukariri sheria kumi na mbili za kitabu. Lengo lisiwe idadi kubwa. Aya moja kwa siku inatosha.

Mtihani wenyewe hauulizi sana "weka koma hapa". Mtihani wa kidato cha nne una utamaduni wa kumpa mtahiniwa sentensi na kumtaka aiandike upya kwa kuanza na neno fulani, labda "Although", au aunganishe mbili kwa "who" au "whose". Huo ni mtihani wa vishazi uliovaa nguo nyingine. Akianza na "Although", koma inamsubiri mwisho wa kishazi cha kwanza, na "but" haina nafasi tena katikati. Kosa la "Although... but" ni "ingawa... lakini" iliyovushwa nzimanzima, kwa kuwa Kiswahili kinaziruhusu zote mbili kukaa pamoja.

Mtihani wa kidato cha nne huangukia Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, na nyumba nyingi za Mtwara zinahitaji mikono ya kuokota na kubangua. Mzazi asiyejua Kiingereza bado anaweza kusaidia jioni akiwa na korosho mkononi. Amwambie mtoto amsomee sentensi yake kwa Kiingereza, kisha aeleze kwa Kiswahili kila kishazi kinasema nini na kipi kinamtegemea mwenzake. Mtoto akishindwa kueleza, sentensi hiyo ina kasoro, na mzazi ameigundua bila kujua neno moja la Kiingereza.

Insha ya Jumamosi, baada ya kupitiwa kishazi kwa kishazi, inasomeka hivi: "On Saturday we went to Msimbati. The sea was calm, and my cousins and I swam until noon. When we became hungry, we bought fried octopus. It was hot, but we ate it quickly." Koma nane zimekuwa tatu, pamoja na ile mpya baada ya "hungry", na nukta moja imekuwa nne. Mwanafunzi makini atauliza mbona hakuna koma baada ya "On Saturday", na atakuwa ameuliza vizuri: hicho si kishazi, hakina kitenzi, na kirai kifupi cha namna hiyo mwandishi anaruhusiwa kukiwekea koma au kukiacha.